Kikausha Nywele cha Velta

Kwanza huifunika blanketi, kama mgonjwa.
Kisha huchukua kikausha nywele cha mama,
cha rangi ya waridi, waya wake umefungwa utepe,
akaipulizia kompyuta mgongoni pumzi ya moto
dakika kumi, kwa saa ya ukutani.
"Ikipata joto inaamka," asema baba.
"Hata nyuki ndivyo walivyo."

Nje ni Alūksne, nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri,
ziwa limeganda hadi watu wameegesha magari juu yake.
Nimekuja saa nne kwa basi kutoka Riga
na bisibisi tatu, ufutio wa shule, burashi ya rangi,
kwa sababu jana kwenye simu alisema tu:
"Leo imekataa."

Nikabonyeza swichi.
Feni ikazunguka nusu, ikaghairi.
Tena.
Mlio mmoja mrefu, miwili mifupi,
skrini nyeusi ti.
Baba, fundi redio wa zamani, alihesabu kwa vidole, macho amefumba.
"Hiyo kadi ya picha. Haijakaa sawa."
Nikaikalisha.
Sasa mlio mrefu usiokoma.
"Na hiyo ni kumbukumbu."
"Yake au yako?"
Hakucheka.

Nikafungua ubavu.
Vumbi lilitoka kwa vipande, kama sufi ya mto uliochanika,
na ndani ya feni, amekauka, mabawa mazima,
nyuki.
Baba akamtoa kwa ukucha, akamlaza kwenye kisahani cha chai.
Hakumtupa.

Nikayasugua meno ya kumbukumbu kwa ufutio
mpaka yakang'aa, nikairudisha. Kimya.
Nikachomoa nyaya zote, nikabakiza roho tu.
Kimya.
Ndipo nilipoziona kwenye ubao mama,
kapasita tano zimevimba vichwa kama maandazi,
moja imepasuka, imechuruzika ute wa kahawia.
Kumbe miaka yote hii alikuwa anakanda uvimbe.

Maktaba ya wilaya ilipofungwa
baba aliiokota mashine yao, akaihifadhi chini ya fremu za masega.
Kufa kufaana.
Tuling'oa tano kutoka kwa marehemu.
Mkono wake unatetemeka, basi akanipa mimi pasi ya kulehemu,
yeye akashika tochi, na mwanga ukawa unarukaruka
juu ya kazi yangu kama mtoto asiyetaka kulala.
"Usipumue. Risasi ikiyeyuka, ondoka. Usibembeleze."

Saa kumi, giza limeshaingia,
ikaamka.
Haikupulizwa.
Kwenye kona ya skrini: 1 Januari 2002.
"Betri," nikasema. "Ile ya duara, ya senti chache. Imekufa tangu lini?"
Akapandisha mabega.

Nikafungua daftari lake la mizinga.
Tarehe hujiandika yenyewe. Yeye huandika yaliyobaki.

*Mzinga wa pili, asali kilo kumi na mbili.* 1 Januari 2002.
*Kundi moja limehama, limekwenda kwa kina Ozoliņš.* 1 Januari 2002.
*Mzinga wa nne hauna malkia.* 1 Januari 2002.
*Velta hakuamka. Siagi bado iko mezani.* 1 Januari 2002.
*Mvua.* 1 Januari 2002.

Miaka sita, mistari elfu na ushei,
yote siku moja.

Niliweka betri mpya, nikarekebisha saa.
"Nizisahihishe? Naweza kukisia, kwa asali, kwa mvua."
Alikuwa anazungusha waya kwenye kikausha nywele,
mizunguko mitatu, kisha utepe, kama mama.
"Nyuki wanajua ilikuwa lini," akasema. "Acha."

Asubuhi uvumo uliniamsha.
Nikadhani ni feni, nikashuka pekupeku.
Kompyuta ilikuwa imeshawaka, ina tarehe ya leo,
na baba amesimama nyuma yake gizani,
anaipulizia.